Neno la Herufi Mbili

Mutheu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, sijui wewe uko katika hali gani. Lakini hali yako naiona. Uko hapo nje kwenye kivuli cha ghala, umevaa lile gauni la kanisani ambalo umekatazwa kuchezea, na unamlazimisha kuku mwekundu aingie kwenye sanduku la nguo ili aende nawe Voi. Kuku hataki. Umemwambia mara tatu kwamba Voi kuna mahindi. Mimi ndiye sijui niko katika hali gani.

Ni Jumapili, saa tisa hivi. Mwaitu na dada Ndinda wameenda kuwaaga watu wa kanisa. Kesho mtateremka Emali kupanda treni. Nimekaa juu ya gunia la ndengu, na daftari langu la kidato cha nne liko magotini. Kurasa za nyuma zilibaki tupu mitihani ilipoisha, nikaziweka bila kujua naziwekea nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko kwa dada Ndinda unakoenda watu wa nyumba za reli wanaongea Kiswahili ndani, nje, hata wakigombana, na utakapojua kusoma hicho ndicho utakachosoma kwanza. Ya pili ni ya woga. Mwaitu anasoma Kikamba. Alijifunza kanisani, kwa Biblia, akiwa tayari na watoto wawili. Kiswahili cha kuandikwa hakimwingii. Hata nikiacha daftari hili wazi hapa juu ya gunia, ataona tu mwandiko wa binti yake aliyesoma. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa kujificha. Wageni wakija naenda jikoni. Leo nimejificha ndani ya lugha.

Mambo ya kunawa na kusalimia wakubwa na kutochezea reli, dada Ndinda atakuambia. Mimi nina moja tu, na nimelizunguka ukurasa huu wote.

Mimi ndiye niliyekuzaa.

Nimeandika hivyo nikasimama, nikaenda mlangoni kutazama kama kuna mtu anakuja. Hakuna. Kuku amekutoroka, uko mbioni nyuma ya choo. Nimerudi kukaa.

Unamwita mama yangu mwaitu, na mimi unaniita Nthenya. Ulifundishwa hivyo na mimi nikiwapo. Sasa nikueleze ilikuwaje, halafu utapima mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Ulikuwa mwaka wa ile njaa ambayo watu wetu waliiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga wa kununua. Kwetu kila njaa hupewa jina, kama mtoto. Mwaitu alipogundua hali yangu hakunipiga. Alikuwa ameshika ungo, na ungo haukuwa na kitu, maana ilikuwa njaa. Akaendelea kuchambua. Mkono wake ulizunguka kwenye ungo mtupu muda mrefu kama anayetafuta mawe. Halafu akaniuliza swali moja juu ya baba yako na mimi sikumjibu. Hakuuliza tena. Ukiniuliza wewe nitakujibu, lakini kwa mdomo, tukiwa tumekaa.

Msichana akijulikana ana mimba, shule ilikuwa imeisha hapo hapo. Mwaitu hakutaka iishe. Alinipeleka Kyuso kwa mama yake mdogo, akawaambia majirani nimeenda kusaidia kuchunga kwa sababu ya ukame. Baadaye akanifuata. Tulipokuwa tunarudi, wewe ulikuwa mgongoni mwake, umefungwa kwa leso yake, na mimi nilikuwa nyuma nimebeba sufuria. Tulitembea kwa mpangilio huo kutoka barabarani hadi nyumbani ili kila mtu aone. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa askari wa usiku Nairobi. Aliandikiwa kwamba amepata mtoto mwingine. Alijibu kwa kutuma blanketi.

Wanawake wa kanisa walikuja na unga kidogo waliokuwa nao, wakaimba, wakamwambia mwaitu Mungu amemkumbuka kama Sara. Mmoja wao, mnene, mama wa jirani yetu wa chini, alichota uji akagawa. Kikombe kikubwa kuliko vyote alinipa mimi, na hakunitazama usoni. Walijua, Mutheu. Kwa habari, hata Kyuso si mbali. Lakini kwetu kuna adabu ya kutojua, na walitutendea kwa adabu hiyo miaka yote mitano. Nimekuja kuona kwamba adabu ile ilinisaidia kusoma, na ilinifungia mlango pia. Mtu hawezi kukusamehe jambo ambalo amekubali kutolijua.

Jina lako ni la mwaitu. Mutheu, safi. Siku ya kukupa jina aliposema hivyo alikuwa amekushika wewe, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Nilikunyonyesha jikoni, mlango umefungwa, kwa muda wa likizo. Shule zilipofunguliwa nikaingia darasa la nane. Ulikuwa mwezi wa kwanza na jua linaijua Makueni vizuri, lakini mimi nilivaa sweta asubuhi hadi jioni, na ndani ya sweta kitambaa kilichokunjwa mara nne kuzuia maziwa. Mwalimu aliniuliza kama nina malaria. Nikatikisa kichwa kusema ndiyo. Nilikunywa dawa ya malaria mbele yake, chungu, bila ugonjwa. Ndivyo uongo ulivyo, angalau wangu. Sikuusema kwa mdomo hata mara moja, niliutikisia kichwa tu, na bado ilibidi niumeze.

Sasa nataka kukuambia juu ya neno. Utaniona mtu wa ajabu, lakini nimekaa na neno moja miaka mingi kama wengine wanavyokaa na jeraha.

Hapa nyumbani hakuna anayemwita mzazi wake mama. Tunasema mwaitu. Ukilifungua neno hilo, ndani yake kuna kuitana kwa wengi: si mama yangu, ni mama yetu. Hata mtoto wa pekee husema yetu. Kwa Kikamba hakuna anayekuwa na mama peke yake, na nafikiri ndiyo maana haikuwa vigumu kwa mwaitu kukuchukua. Alikuwa mwaitu wangu, akawa mwaitu wako, neno halikuhitaji hata kukunjwa upya. Mama kwetu ni jambo lingine kabisa. Ni kujilaza. Jioni ukisinzia mwaitu hukuambia mama, na wewe unajinyoosha mkekani. Nimelisikia likisemwa juu ya kichwa chako kila likizo, na kila mara niligeuka kama niliyeitwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajifunza Kiswahili.

Kwenye sekondari, kule Kitui, nililala kitanda kimoja cha ghorofa na msichana aitwaye Njeri, Mkikuyu, yeye juu mimi chini. Siku moja alipokea barua akafurahi akasema imetoka kwa mama. Nikamwambia ana bahati, mama yake anajua kuandika vizuri. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Kwao mama ni mjomba, ndugu ya mama yake, na ndiye aliyemsomesha. Nililala nikiwaza mwanamume mwenye ndevu akiitwa hivyo na akiitika.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa Pwani. Alisema neno hilo halina aliyelitunga. Mtoto anafunga midomo akiwa ananyonya, anaifungua apumue, sauti inatoka, na mwanamke aliye karibu anaamini ameitwa. Darasa likacheka. Baadaye nikasikia mtoto wa Msomali mmoja aliyekuwa akinunua mbuzi Emali akilia hooyo, hooyo, midomo wazi kabisa, na mama yake akaja vilevile. Kwa hivyo labda mwalimu hakuwa sawa kwa kila mtu. Lakini ile sehemu ya mwanamke kuamini ameitwa, hiyo ilinikaa.

Halafu kuna kamusi. Maktaba yetu ilikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza, mgongo umevunjika, imeshikwa kwa utepe wa gundi. Nilikuwa napenda kukaa nayo kwa sababu haikuulizi swali. Siku hiyo nilitafuta mama nione Wazungu walilitoa wapi. Ilisema Warumi wa zamani walikuwa na neno hilohilo, na kwao lilikuwa na maana ya titi. Ndipo yalipotoka majina ya kitaalamu ya wanyama wanaonyonyesha. Niliifunga kamusi haraka kama mtu amenisoma mimi. Joto la sweta lile lilinirudia mgongoni. Nilikuwa kidato cha pili, nimekaa na wasichana thelathini wanaonong'ona juu ya hesabu, na kitabu cha Wazungu kinanieleza nilichoficha darasa la nane.

Tangu siku hiyo nikawa na mpango. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, nikimaliza shule nitapata kazi, nitahamia mji wenye Kiswahili, Machakos au popote, nitamchukua Mutheu. Na huko, kwa kuwa hakuna anayetujua, ataniita kwa lile neno ambalo nyumbani kwetu halina mwenyewe. Mwaitu abaki mwaitu. Sitamnyang'anya kitu. Mimi nitachukua lile ambalo hakuna anayelitumia.

Huo ulikuwa mpango mzuri. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshauharibu mwenyewe, na sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ulikuwa unakaribia miaka mitatu. Nilikuja likizo, tukateremka pamoja Emali, mimi na wewe, kununua kitambaa cha sketi yangu ya shule kwa Bi Zuhura. Unamkumbuka? Yule wa duka la vitambaa karibu na stesheni, wazee wake walitoka Pwani. Binti yake mdogo alikuwa anacheza chini ya kaunta, akajigonga, akalia mama, mama. Bi Zuhura akaacha mkasi, akambeba, akampa kashata. Wewe ulitazama yote hayo kwa makini sana. Ulikuwa mtoto wa kutazama. Nikiwa nimeshika kitambaa nikahisi sketi inavutwa.

"Mama," ukasema.

Ulitaka kashata, najua. Lakini uliniangalia mimi ulipolisema. Duka lilikuwa na watu. Nyuma yangu walisimama wanawake wawili wa kanisa letu na msichana wa shule yangu aliyekuja likizo kwa shangazi yake. Nilihisi macho yao yote mgongoni, na huenda hata hawakuwa wananitazama. Nilikufinya. Hapa, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, pale ambapo alama haionekani. Nikakuambia kwa Kikamba, polepole, ili wasikie wote, "Mimi ni Nthenya."

Hukulia. Heri ungelia. Ulirudisha mkono wako taratibu, ukaushika kwa mkono mwingine, ukatazama chini ya kaunta kana kwamba jambo hilo limetokea huko.

Bi Zuhura alikuwa ameona. Alikuja na vipande viwili vya kashata, kimoja akakupa wewe, kingine akanipa mimi, mtu mzima wa kidato cha pili. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtoto akikuita mama, hata si wako, unaitika. Jina hilo halikataliwi." Sikumwambia hata asante. Kashata yangu niliitupa njiani, na nikajuta kabla haijafika chini.

Hujaniita hivyo tena. Tena naona unaniita Nthenya mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nthenya kuja. Nthenya ona. Nthenya, kuku. Kama mtu anayekanyaga kwa uangalifu pahali alipowahi kuteleza.

Krismasi Ndinda alipokuja, mwaitu alituita mimi na yeye. Alisema yeye amechoka, tangu baba aondoke nyumba imekuwa nzito, kwamba Voi shule iko mlangoni, na kwamba Ndinda ana miaka kumi ya ndoa na kitanda cha mtoto kisicho na mtoto. Alisema yote hayo akitazama moto. Halafu akaniuliza, "Wewe Nthenya, unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kikubwa hivyo. Ndinda aliacha kupumua, nilimsikia. Na nilikuwa na maneno, Mutheu, kwa lugha tatu. Ningeweza kusema ngojeni matokeo yangu yatoke. Ningeweza kusema nipeni mwaka mmoja. Nilitazama miguu yangu nikasema, "Sawa."

Basi. Hivyo ndivyo ulivyopata safari. Sitaki uamini kwamba nililazimishwa; mwaitu aliuliza, na alingoja jibu muda wa kutosha. Aibu yangu ndiyo iliyojibu, kwa sababu imezoea kujibu kabla yangu. Ukiona na wewe umeirithi, na ninaogopa umeirithi, maana unatazama sana kabla ya kusema, basi siku ukiulizwa mbele ya watu omba maji kwanza. Kweli. Omba maji ya kunywa. Mtu anayeleta maji anakupa muda, na muda ndio niliokosa.

Siogopi kwamba utateswa. Ndinda alinibeba mimi mgongoni nikiwa mdogo, na anakata mkate kwa namna ya mtu anayejipunguzia. Ninachoogopa ni kidogo, mtu mwingine angecheka. Voi ni Kiswahili. Utaamka huko, wiki ya kwanza, ya pili, utawasikia watoto wa majirani, na utamtafuta wa kumwita. Yeye atakuwa hapo amesimama na kikombe cha uji. Neno langu litaenda kwake, litakaa sawasawa, na halitakuwa na nafasi iliyobaki.

Kwa hivyo jana nilifanya jambo. Nataka ulijue kwa sababu nimefanya machache.

Tulikuwa hapa ghalani, mimi na Ndinda, tunachambua ndengu za wewe kubeba. Nilimwambia kwamba mwalimu wetu wa Pwani alitufundisha majina ya jamaa. Dada mkubwa wa mama, Waswahili hawamwiti shangazi wala hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita mama mkubwa. Ndinda akasema ndiyo, hata Voi wako wanaosema hivyo. Nikachambua ndengu nyingi sana. Halafu nikasema, "Mfundishe akuite hivyo."

Alielewa mara moja. Alitoa jiwe moja, akalitazama, akalirusha mlangoni.

"Kule mimi naitwa bibi ya Mutiso," akasema. "Miaka kumi. Wenzangu wote ni Mama nani, Mama nani. Nikiitwa mama mkubwa, watauliza mdogo yuko wapi."

Nikamwambia, "Waambie yuko Emali."

Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Ndinda alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, na macho yake yakajaa, na akafanya ninachofanya mimi, akatazama miguu. Nilimwonea huruma, Mutheu. Nilikuwa namnyima kitu alichokingoja kuliko nilivyokingoja mimi, maana mimi kilinijia nikakifinya. Kisha akasema, "Nitajaribu." Halafu akasema, "Lakini mtoto ana mdomo wake. Sitamfinya." Hajui habari ya Emali. Alisema tu hivyo. Nilitoka nje nikajifanya naangalia punda.

Neno mkubwa si kubwa, utaona. Ni kama kiti cha ziada kinachoachwa mezani. Mtu akiuliza kwa nini kiko hapo, kuna jibu. Nilichoomba ni hicho kiti tu.

Barua hii nitampa yeye akuwekee mpaka ujue kusoma. Yeye Kiswahili anasoma, na bahasha haimzuii mtu. Anaweza kuifungua kwenye treni. Anaweza kuichoma, na mimi sitajua, na sidhani ningemlaumu mpaka mwisho. Kwa hivyo kama unaisoma, kwanza kabisa nenda kamtafute popote alipo ndani ya nyumba hiyo, ukakae karibu naye. Usiseme kitu. Atajua umefika wapi.

Umeingia. Nimeweka kalamu chini, na haya naandika baada ya wewe kutoka.

Ulikuwa na manyoya ya kuku kwenye nywele. Ulisimama ukanitazama, halafu ukauliza, "Nthenya, unaandika nini?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

Ukasema hujui kusoma, kwa sauti ya kunilaumu, kama nimempikia mtu asiye na meno. Nikakuambia njoo. Nikakukalisha hapa juu ya gunia, nikakupa penseli, nikashika mkono wako. Nilikuonyesha M, vilima viwili vimeshikana kama vile vya upande wa Kilungu. Nikakuonyesha A, paa la nyumba na fimbo katikati. Halafu nikakuambia ziandike tena, zilezile, hakuna nyingine. Neno zima ni herufi mbili. Vitabu vyote vya kujifunza kusoma huanza hapo, na walimu wanasema ni kwa sababu ni rahisi.

Uliandika mwenyewe, ulimi nje. Nikaweka kidole chini ya herufi ukasoma. Ma. Nikasogeza kidole. Ma.

"Mama," ukasema. Na mkono wako ulijivuta kidogo, uleule. Labda ni mimi tu niliyeona.

Ukauliza, "Ni nani?"

Nilitazama miguu yangu. Halafu nikaacha kuitazama.

"Ni mimi," nikasema.

Uliniangalia muda mrefu, kwa yale macho yako ya kutazama. Halafu ukacheka, ukanipiga begani na penseli. "Wewe ni Nthenya," ukasema, kwa sauti ya mtu ambaye alishafundishwa na hawezi kudanganywa mara ya pili. Ukauliza kama kuku anaweza kwenda akikaa kimya kabisa. Nikasema hapana. Ukatoka.

Nakusikia huko nje. Unamweleza kuku habari ya kukataliwa.

Sasa naandika kwa herufi ndogo kwa sababu neno lako limechukua sehemu yote ya chini ya ukurasa huu, na sitaki mistari yangu iliguse. Nasikia pia mwaitu na Ndinda wanapanda kilima, wanaongea, watafika sasa hivi. Barua hufungwa kwa salamu na jina la mwandishi. Salamu nimekutumia miaka mitano kwa jina lisilo lake. Jina sitaweka. Lipo tayari hapo chini kwa mkono wako, M ya pili imesimama kichwa chini, A ya mwisho haina fimbo. Sijalifuta, na sijalisahihisha.